Ukuta wa Waasisi

Hildegarda alimdharau mdogo wake Gerald tangu alipoanza kutembea, na miaka yote hiyo hakuwahi kuona sababu ya kuacha. Alimdharau alipofeli kidato cha pili. Alimdharau aliponunua lori lake la kwanza, na alipojenga loji pale Mikumi kando ya barabara kuu, akaweka mlangoni sanamu ya twiga wa saruji aliyepakwa rangi ya fanta, alimdharau mpaka akasikia raha.

"Twiga gani huyo," alimwambia siku ya ufunguzi, mbele ya wageni. "Ana shingo kama yako."

Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mama wa miaka sitini na kitu, hana mume wala mtoto, anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo safi mjini Kilosa, na analima ufuta kwenye kipande cha bondeni Mikumi alichoachiwa na baba yake. Wanafunzi waliopita mikononi mwake walimwita Madam Wembe. Alilijua jina hilo na lilimkaa vizuri. Mtu akikosea jambo mbele yake, hata kama ni padri, alisahihishwa palepale.

Basi siku Gerald alipompigia simu, hakutarajia la maana.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

"Sijaharibu kitu. Nataka tuandike historia ya ukoo wetu."

Hildegarda aliiondoa simu sikioni akaitazama, kama vile imetoa harufu. Kisha akairudisha.

Gerald akaeleza. Kule Mikumi wameanzisha Umoja wa Familia za Waasisi, yaani familia zilizoifungua Mikumi kabla ya barabara, kabla ya mahoteli, kabla ya kila mtu kujileta. Wanachama ni mwenye kituo cha mafuta, mwenye bucha mbili, mkandarasi mmoja mstaafu, na yeye Gerald ndiye mwenyekiti. Wameshashona mashati ya sare. Umoja huo ndio utakaozungumza na serikali mambo ya ardhi yakija, maana siku hizi watu wanaingia na ng'ombe wao kama hakuna wenyewe. Na yeye kama mwenyekiti ameamua kuonyesha mfano: nyuma ya loji amejenga ukumbi, na ukuta mmoja mzima utachorwa mti wa ukoo, shinani akiwa Babu Kaspari, mtoto wa chifu wa Mamboya, Mkaguru, aliyekuja na mkuki mkononi na watu wake nyuma, akaikuta Mikumi ni simba na tembo tu, akafyeka pori, akaweka mji.

"Nani kakwambia Babu alikuwa mtoto wa chifu?"

"Mzee Cleopa." Huyo alikuwa baba yao, marehemu. "Wewe ni mwanahistoria, dada. Utafiti, uandike, useme siku ya uzinduzi. Watu wakisikia kwako wataamini."

Hildegarda alimkumbuka Babu Kaspari vizuri. Mzee mwembamba, asiyesema, mikono yake ina makovu mpaka kwenye viwiko. Alishinda nyuma ya nyumba akisokota kamba za katani. Ukimwuliza kwao wapi, alinyoosha kidevu kuelekea kusini akasema, "Huko." Mamboya iko kaskazini. Na mtoto wa chifu gani anayeshinda akisokota kamba?

Alikubali. Hakukubali kwa kuupenda ukoo. Alikubali kwa sababu aliona wazi kwamba Gerald anakwenda kuumbuka, na akataka awepo pale atakapoumbuka, tena akae mbele.

*

Walianzia Mamboya. Gerald alimpitia Kilosa na gari lake kubwa, amevaa shati la Umoja, mkononi ana fimbo yenye kichwa cha simba, ile wanayouziwa watalii. Buti lilijaa kreti za soda. Njia nzima ya milimani alizungumza habari za damu. Damu haipotei. Damu inajulikana. Hildegarda alitazama mashamba ya mahindi akamwacha aendelee.

Walielekezwa kwa mama mmoja aitwaye Aneth, wa ukoo uliokuwa na uchifu zamani. Walimkuta barazani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Umri wake na wa Hildegarda haukupishana sana. Aliwakaribisha, akawapa viti, akaendelea na maharage.

"Sasa niambieni, nyie ni wa nani?"

"Sisi ni wa hapahapa, mama," alisema Gerald, akiweka fimbo magotini. "Ni damu ya hapa. Babu yetu Kaspari alikuwa mtoto wa chifu. Alitoka hapa akaenda kuianzisha Mikumi."

"Mama yake nani?"

"Mama wa nani?"

"Huyo Kaspari. Mama yake aliitwa nani, na alikuwa wa ukoo gani?"

Gerald alitabasamu kama anavyomtabasamia mgeni wa loji anayeuliza maji ya moto. "Sisi tunafuata upande wa baba, mama. Uchifu unatoka kwa baba kwenda kwa mtoto."

"Huko kwenu wapi?"

"Kwetu hapa."

Aneth aliuweka ungo chini. Aligeukia mlango akaita kwa sauti, "Mama! Njoo uone, amekuja Mkaguru asiyemjua mama wa babu yake!"

Ndani ya nyumba kicheko cha bibi kizee kilianza taratibu, kikapanda, kikaishia kwenye kikohozi.

"Baba yangu," Aneth alimwambia Gerald, sasa kwa upole kama anayezungumza na mtu aliyeanguka na baiskeli, "hapa mtu ni wa ukoo wa mama yake. Chifu hata azae watoto wajaze uwanja, harithi hata mmoja. Anayerithi ni mtoto wa dada yake. Sasa wewe umekuja na gari lote hili kuniletea mtoto wa chifu. Nimfanye nini? Ni kama kuniletea maganda ya karanga."

"Labda historia hiyo imesahaulika," Gerald alisema.

"Na hilo jina. Kaspari. Wazee wetu walibatizwa hapo misheni, na misheni hiyo ni ya Waanglikana. Makaspari ni wa Wakatoliki. Huyo babu yenu kama alipita hapa, alikuwa anauliza njia."

Hildegarda aliangalia pembeni, mabega yanatikisika. Gerald alisimama, akaomba wapige picha moja ya kumbukumbu. Alimpanga dada yake karibu na Aneth, akapiga, akarudi kupiga tena. Walipoanza kuondoka na kreti zikiwa bado kwenye gari, Aneth aliita nyuma yao, "Soda shusheni. Soda hazina ukoo."

Kwenye gari Hildegarda alicheka mpaka akatafuta leso. "Maganda ya karanga," alirudia. "Mungu ambariki yule mama."

"Wamesahau historia yao wenyewe," alisema Gerald.

"Basi tumuulize anayekumbuka. Shangazi Domina yu hai, yuko Kidete. Ni binti wa Babu kabisa. Nani anajua zaidi yake?"

Gerald alibana usukani. "Yule mama mtu mzima sasa, kichwa hakiko sawa. Tusimsumbue."

"Nani kasema hakiko sawa?"

"Achana naye, dada. Andika tulichonacho."

Hildegarda alimtazama akadhani ameona woga wa kuaibika mara ya pili. Palepale akaamua kwenda Kidete.

*

Shangazi Domina aliondoka nyumbani Mikumi zamani, Hildegarda akiwa msichana mdogo, wakati wa kuhamishia watu vijijini. Nyumbani walisema ameolewa na mtu wa reli akaanza kuringa. Hakuja kumzika kaka yake Cleopa, na hilo likawa ushahidi wa kuringa kwake. Basi njia nzima Hildegarda alibeba kichwani mwake shangazi wa kuhurumiwa: bibi kizee, nyumba ya tope, maji ya mto yanaingia kila masika. Alinunua sukari na khanga moja, si ya bei mbaya.

Alichokuta Kidete ni nyumba ya matofali yenye vigae barazani, na lori linapakia vitunguu. Katikati ya uwanja, kwenye kiti kikubwa cha mbao, ameketi mama wa miaka themanini aliyevaa miwani, anawaelekeza wapakizi kwa ncha ya mkongojo.

"Shikamoo, shangazi."

Domina alimtazama kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka kwenye nywele. "Wa nani wewe?"

"Hildegarda, shangazi. Wa Cleopa."

"Cleopa." Aliwageukia wapakizi. "Hilo gunia limelowa, litoeni." Akaangalia gunia likitolewa.

Marahaba hakuitoa. Hildegarda, aliyewahi kuwasimamisha wanafunzi wa darasa zima mpaka wamsalimie inavyopasa, alisimama juani na kifurushi chake cha sukari mkononi, wapakizi wakimtupia macho. Hakuwahi kusimamishwa hivyo na mtu yeyote. Lori lilipofungwa ndipo shangazi yake alipogeuka.

"Marahaba. Weka hiyo sukari hapo, ingawa sukari tunayo. Umekuja kuniambia nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Gerald anaandika historia ya ukoo. Nimekuja kuuliza habari za Babu."

"Habari za Baba." Domina aliketi vizuri, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka, ila si kwa wema. "Gerald anasemaje?"

"Anasema alikuwa mtoto wa chifu wa Mamboya. Alikuja Mikumi na mkuki, na watu wake nyuma."

Domina alicheka bila kufungua mdomo. Alimwita binti yake mkubwa, mama mnene aliyekuwa anafunga hesabu za mizigo jikoni. "Ida, njoo usikie. Babu yako alikuja na mkuki." Ida akasimama mlangoni, mikono kiunoni, hakumsalimia Hildegarda.

"Babu yenu alikuwa manamba," alisema Domina. "Unawajua manamba, mwalimu? Watu wa mkataba. Waliletwa kukata mkonge, wakaitwa kwa namba kama mabehewa. Kwao ni Ungoni, huko kusini. Mamboya hata kwa macho hakuiona. Alitoroka kwenye shamba la mkonge karibu na Kimamba kwa sababu nyapara alikuwa anampiga, akatembea akijificha, akapita Ulaya, kijiji cha huku kwetu Kilosa, homa imemshika. Mama yangu Semeni alimkuta asubuhi kwenye mtama wake, amejikunja kama ngedere aliyepigwa jiwe. Mwanamume hakuja na mkuki. Alikuja na kuhara."

Ida alicheka mlangoni.

"Lile shamba lilikuwa la mama. Alipewa na mama yake, na mama yake na wa kwake. Sisi ni Wasagara, nasi tunafuata mama. Alimpa maji, akampa uji, kisha sijui alimwona nini, akampa na kulala. Baba alilima pale kwa hisani. Na alijua. Mpaka mama anafariki, hakuwahi kusema 'shamba langu'. Alisema 'shamba la Semeni'."

"Kisha?"

"Kisha vikaja vijiji. Mama amekufa, shamba ni letu mabinti, mimi na marehemu mdogo wangu. Ukafanyika mkutano. Kaka yangu Cleopa, baba yako, akasimama mbele ya watu akasema shamba ni la baba yake, mtoto wa chifu wa Mamboya, aliyelifyeka kwa mkono wake. Chifu alizaliwa siku ile, mwalimu, pale mkutanoni, akatoka kwenye mdomo wa Cleopa. Na Baba yupo, amekaa kwenye gogo, anasikia. Nilimtazama nikasema sasa hivi atakataa. Hakukataa. Alinyoosha mgongo. Yule mzee alifurahi! Maisha yake yote aliitwa kwa namba, leo anaitwa mtoto wa chifu, akanyoosha mgongo." Domina alitema mate pembeni ya kiti. "Mimi nikaambiwa nimeolewa, niende kwa mume wangu. Huyu Ida nilikuwa nimembeba mgongoni."

Hildegarda alisema kitu ambacho hakupenda kukisikia kikitoka kinywani mwake. "Sikujua, shangazi."

"Hukuuliza. Umefundisha historia miaka mingapi? Umewakaririsha watoto wa watu wafalme wa Ulaya ya Wazungu, mmoja baada ya mwingine. Hii Ulaya ya hapa, aliyoipita babu yako akiharisha vichakani, hukuiuliza. Na ulisomeshwa kwa mahindi ya shamba gani?"

Hildegarda aliuliza, kwa sauti aliyoizoea kwa wengine na si kwake, kama angependa jina lake na la Bibi Semeni yawekwe kwenye ule ukuta, yawe mahali pake.

"Msinibandike ukutani kama tangazo la mganga," alisema Domina. "Nenda zako. Treni ya watu wenye chifu imeshapita, itabidi upande bodaboda."

*

Njiani Hildegarda alijituliza kwa kumfikiria Gerald. Aibu aliyoipata Kidete ilikuwa kubwa, lakini ya Gerald ingekuwa kubwa zaidi, na hilo lilimpa nguvu. Kesho yake alipanda gari kwenda Mikumi.

Alimkuta ukumbini, mchoraji yuko juu ya ngazi. Mti ulikuwa umeshamalizika. Shinani alisimama Babu Kaspari na ngozi ya simba begani na mkuki mkononi, na sura aliyopewa ilikuwa ya Gerald mwenyewe aliyeongezewa ndevu nyeupe. Juu yake likachipua tawi la Cleopa, kisha matawi ya watoto. Mwanamke hakuwamo. Ungedhani wanaume wa ukoo ule waliota kama uyoga. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu: Utafiti wa Mwalimu Hildegarda Cleopa Kaspari, Mwanahistoria.

"Nimetoka Kidete," alisema.

Gerald alimwambia mchoraji aende akanywe chai. Hildegarda akamwaga yote: Ungoni, mkonge, homa, mtama, Semeni, mkutano. Alisema polepole ili aone kila neno linavyomwingia. Gerald alisikiliza akijipangusa jasho shingoni, na ilipoisha akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Yote. Mzee aliniambia kabla hajafa. Wewe hakukwambia kwa sababu una mdomo."

Hildegarda alitafuta kiti akakaa.

"Wale mabinti wa shangazi wameanza kutuma salamu," Gerald aliendelea, bila hasira, kama anayemweleza mhasibu. "Ida amekuja hapa mara mbili kuangalia mipaka. Wanalitaka shamba la bibi yao. Na shamba la bibi yao ni hapa ulipokaa, na kule nyuma mpaka kijitoni. Zamani lilikuwa mtama tu, leo ni barabara kuu, ni watalii. Sasa mtu wa kawaida ukimuuliza ardhi umeipata wapi, atababaika. Lakini mwasisi haulizwi. Familia iliyochorwa ukutani, ikazinduliwa na diwani, nani ataiuliza?"

"Na Mamboya ulinipeleka kwa nini, kama unajua?"

"Watu wakuone unatafiti. Picha yako na yule mama nimeshaiweka kwenye makundi ya wasapu, inazunguka mpaka Morogoro. Dada, Kilosa nzima inajua kitu kimoja kuhusu wewe, kwamba huwezi kumsemea mtu uongo. Na wanajua kwa sababu hujawahi kumsemea mtu hata jema. Ukisema wewe, imekwisha. Nilikuwa nalihitaji jina lako tu."

Akaelekea mlangoni. "Na kile kipande chako cha bondeni unacholima ufuta, nacho ni cha Bibi Semeni. Ukifungua mdomo unajikata mwenyewe."

Ingependeza kusema kwamba Hildegarda aliporudi Kilosa alimlilia shangazi yake. Hakumlilia. Alichokilia, kama kukaa jikoni siku nzima bila kuwasha moto ni kulia, ni kwamba yule mjinga aliyemcheka maisha yake yote alikuwa amemsoma ukurasa kwa ukurasa. Gerald alipanga mambo yake kwa kuitegemea dharau ya dada yake, kama mtu anavyopanga safari kwa saa ya treni. Alijua dada yake atakubali ili aje kumcheka, akaitumia hamu hiyo ya kumcheka, akapata picha, akapata jina. Mamboya, wakati yeye anafuta machozi ya kicheko kwenye leso, nani alikuwa anachekwa?

Baadaye tu, na kwa shida, likamjia lile gogo alilokalia Babu, na mgongo ulionyooka, akaona kwamba sasa yeye ndiye anayetakiwa kulikalia.

*

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi mchana. Diwani alikuja, mwenyekiti wa kijiji alikuja, waasisi walikuja na mashati yao ya sare yaliyowabana matumbo. Wafugaji wa jirani nao walialikwa, wakawekwa kwenye mabenchi ya nyuma, karibu na vyoo. Sufuria za pilau zilikuwa zinafunuliwa na kufunikwa ili harufu iwafikie watu.

Gerald alizungumza kwa kipaza sauti. Alisema Mikumi ina wenyewe. Alisema kuna waliofika na kuna waliowakaribisha, na nchi yoyote ikichanganya hao wawili inaharibika. Kisha akanyoosha fimbo yake ya kichwa cha simba kuelekea nyuma.

"Mzee Lekishon, hebu simama wakuone. Huyu ni jirani yangu, ananiuzia maziwa, tunampenda sana. Lakini ni mgeni wetu. Na mgeni mwenye adabu anajua mwisho wa mipaka yake, si ndiyo mzee?"

Lekishon, Mmasai mrefu wa makamo, alisimama. Aliutazama ukuta kwa makini, kuanzia ngozi ya simba mpaka mkuki, akaketi. Mkewe Naishorua akamnong'oneza jambo, wakatabasamu.

"Sasa namwita mtafiti wetu," alisema Gerald.

Hildegarda alitembea mpaka mbele. Alikuwa amevaa gauni lake la kusimamia mitihani.

"Mtu aliyechorwa pale," alianza, "jina ni la Kaspari, sura ni ya Gerald, na mkuki sijui ni wa nani. Kaspari alikuwa Mngoni. Aliletwa kukata mkonge, akatoroka, akaanguka kwa homa kwenye shamba la mwanamke wa Kisagara aitwaye Semeni. Huyo mwanamke alimlisha. Shamba lilikuwa lake, na ndilo hili mlilokalia. Kuwa manamba si aibu. Aibu ni hiyo ngozi ya simba."

Gerald alimwashiria mpiga muziki. Spika zikalipuka. Hildegarda akakiweka kipaza sauti mezani, akaendelea kwa sauti yake ya darasani, ile iliyowahi kuvuka uwanja wa mpira na kumkamata mtoro getini. Watu walioinama kuongea wakainuka.

"Binti wa Semeni anaitwa Domina, yu hai, yuko Kidete. Baba yangu alimnyang'anya shamba hili kwa uongo mbele ya mkutano kama huu. Mimi mwenyewe nalima humo mpaka leo. Na hilo jina langu pale chini sikuliandika mimi."

Mpiga muziki alizima mwenyewe, maana alitaka kusikia. Katika ukimya huo Lekishon alisimama tena, safari hii bila kuitwa.

"Ndugu Gerald," alisema, "kumbe mimi na wewe wote tulipokewa. Mimi tu ndiye niliyesema asante."

Mabenchi ya nyuma yalicheka kwanza, kisha viti vya mbele, kisha mwenye bucha, ambaye alicheka mpaka kifungo cha shati la Umoja kikamtoka. Mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta na kutikisa kichwa kidogokidogo. Diwani aliinama kwa jirani yake kuuliza kama chakula bado, na kilipokuja alichukua sahani mbili. Hivyo ndivyo ukoo wa chifu ulivyozinduliwa. Watu walikula pilau yote wakaenda zao wakihadithiana.

*

Ida na wadogo zake walikwenda baraza la ardhi kabla ya masika. Gerald alikuja na wakili. Lakini mashahidi alishawakusanya mwenyewe, akawalisha: kila aliyeitwa alisema amesikia ukumbini, kwa masikio yake, dada wa mwenyewe akitamka. Mwenye kituo cha mafuta alikumbuka ghafla kwamba baba yake alikuja kutoka Iringa kuziba pancha, na hakuwahi kuasisi chochote. Umoja wa Familia za Waasisi ukafa bila mkutano wa kuufunga.

Wakapatana. Loji ilibaki kwa Gerald, kwa kuwa Domina alisema hana shida na twiga. Kuanzia nyuma ya loji mpaka kijitoni kulirudi kwa mabinti wa Kidete, na ule ukumbi, kwa kuwa Gerald aliujenga akiwa hajapima, ukaangukia upande wao. Ida hakuupaka chokaa. Ameufanya ghala, na magunia ya vitunguu yamerundikwa ukutani mpaka kidevuni kwa chifu. Gerald hasemi na dada yake, na akimwona barabarani Kilosa anapandisha kioo cha gari.

Hildegarda alitoa kipande chake cha bondeni bila kudaiwa. Alikwenda Kidete kumwambia shangazi yake kwa mdomo, maana alidhani, ingawa hakukiri, kwamba kutakuwa na neno fulani la kumpokea.

Domina alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo umenirudishia changu."

"Ndiyo, shangazi."

"Unasubiri nini? Nikupigie makofi?"

Ndani ya nyumba watu walikuwa mezani, anasikia vijiko na sauti ya wajukuu. Kiti chake aliwekewa barazani, peke yake. Ida alimletea ugali na mlenda kwenye sahani ya bati, akaiweka juu ya stuli, akarudi ndani. Hakuna aliyemwambia karibu. Mtoto mmoja alichungulia dirishani akauliza yule bibi ni nani, na sauti ya Domina ikajibu, "Ni wa Cleopa," kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Hildegarda aliangalia sahani. Angeweza kusimama akaondoka. Stesheni ilikuwa pale karibu. Aliwahi kuwaacha watu wengi wamesimama na sahani zao kwa makosa madogo kuliko haya. Alinawa mikono, akamega tonge, akachovya. Mlenda ulikuwa umezidi chumvi. Hakusema. Alikula mpaka sahani ikaisha, kisha akabaki palepale kwenye kiti, akisubiri kuona kama atakuja mtu kuichukua.